Kochi Lenye Mota na Namba Yake

Makochi yanayoshushwa siku hizi bandarini Dar es Salaam na Mombasa yanakuja na waya. Chini ya kiti kuna mota ya kuinua miguu, ubavuni kuna rimoti, kwenye mkono wa kochi kuna tundu la kuchajia simu na kishikilia glasi chenye taa ya bluu, na mengine yana spika zilizofichwa karibu na masikio ya anayekaa. Mengi yametoka Foshan, mkoa wa Guangdong nchini China, kwenye soko la samani la Lecong, ambako mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anaweza kutembea kutwa asimalize barabara moja. Ngozi, mbao, sponji, chuma, shaba na saketi, vyote vinatakiwa viingie kwenye mstari mmoja wa tamko la forodha, mbele ya namba moja ya tarakimu nane. Yupo mtu ambaye kazi yake ni kuitafuta namba hiyo, na kwangu mimi kazi yake ni miongoni mwa kazi za akili tunazozipuuza mno katika biashara yetu.

Mtaani wakala wa forodha anajulikana kwa foleni, mihuri na simu zisizokatika. Upande ambao mteja hauoni ni ule wa kukaa na kitabu cha ushuru, picha za bidhaa na orodha ya mizigo, na kuamua kitu hiki ni nini mbele ya sheria. Huo ndio uainishaji. Mwainishaji anaweza kuwa ameajiriwa na wakala au na mamlaka ya mapato, wote wawili wanasoma kitabu kilekile. Aliye hodari hapatikani kirahisi, na akipatikana, ofisi nzima humpelekea mafumbo yake.

Kitabu chenyewe kina historia inayostahili heshima. Msingi wake ni mkataba uliopitishwa Brussels mwezi Juni 1983 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 1988, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani. Wengi tunaujua kwa herufi zake mbili, HS. Ndani yake bidhaa zote za dunia zimepangwa katika sura, kuanzia wanyama hai katika sura ya 1 hadi kazi za sanaa na vitu vya kale katika sura ya 97, na sura ya 77 imeachwa tupu kwa matumizi ya baadaye. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile Tokyo, Muscat na Bujumbura. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza mbili za kwake na kuandika kiwango cha ushuru pembeni. Samani ziko sura ya 94: viti katika kifungu 94.01, samani za tiba na viti vya vinyozi 94.02, samani nyingine 94.03, magodoro na matandiko 94.04, taa 94.05.

Namba hii inagusa fedha za watu. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulipoanza mwaka 2005, viwango vya kawaida vilikuwa vitatu: asilimia 0, 10 na 25. Mwezi Mei 2022 mawaziri walikutana Mombasa wakakubaliana kiwango cha nne cha asilimia 35, kilichoanza tarehe 1 Julai mwaka huohuo, na samani zikaingia katika kundi hilo. Chukua mzigo ambao thamani yake, pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ni shilingi milioni 10 za Tanzania. Ushuru wa asilimia 35 ni milioni 3.5, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya milioni 13.5, ambayo ni milioni 2.43. Jumla ni milioni 5.93, kabla ya tozo nyingine. Mzigo huohuo ukiwa kwenye mstari wa asilimia 25, jumla inashuka hadi milioni 4.75. Ukiwa kwenye mstari wa sifuri, inabaki VAT peke yake, milioni 1.8. Ndiyo maana muuzaji yeyote wa kochi lenye mota anatamani sana kuambiwa kwamba kochi lake ni mashine.

Na upande wa pili wa mizani yupo fundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa Ngong Road, Nairobi, anayepiga randa kuanzia asubuhi. Ile asilimia 35 iliwekwa kwa ajili yake. Kochi la nje likipita kwa jina la kifaa cha umeme, kinga yake imetobolewa bila yeye kujua. Likitozwa kama samani wakati kwa haki si samani, aliyeonewa ni mwagizaji. Mwainishaji hapaswi kumpendelea hata mmoja wao. Anatakiwa akijue kitu.

Mwanagenzi huanza na jina lililo kwenye ankara. Kiwanda kimeandika sofa janja, au kiti cha afya, naye anakimbilia kutafuta neno hilo kwenye kompyuta. Mzoefu huiweka ankara pembeni, kwa sababu jina limetungwa na mtu wa mauzo. Hufungua Kanuni za Jumla za Ufasiri, ambazo ni sita tu, na hata kama anazijua kwa moyo huzipitia kwa mpangilio wake. Ya kwanza inasema uainishaji unaamuliwa na maneno ya vifungu pamoja na maelezo yaliyo mwanzoni mwa sehemu na sura. Kanuni nyingine zinasubiri nje ya mlango mpaka hii ishindwe kutoa jibu. Maelezo ya mwanzo wa sura ya 94 ni ukurasa mkavu, wa herufi ndogo, ambao wengi huuruka. Mimi nauona ni moja ya kurasa zilizofikiriwa vizuri kabisa katika sheria za biashara, maana unamwambia msomaji kwanza ni samani zipi ambazo hazihesabiwi kuwa samani.

Meza iliyotengenezwa maalumu kwa ajili ya cherehani haimo, inakwenda 84.52 pamoja na cherehani yenyewe. Kabati lililoundwa liwe sehemu ya friji linakwenda 84.18. Samani iliyoundwa iwe sehemu ya televisheni au redio inafuata kifaa chake kwenye sura ya 85, lakini stendi ya kawaida ya kuwekea TV, ambayo kesho unaweza kuipangia vitabu, inabaki 94.03. Kiti cha daktari wa meno kinabaki 94.02 mpaka kifungwe vifaa vya kutibia. Kikishafungwa, kinahamia 90.18 kwa ndugu zake wa hospitali. Meza ya biliadi imepelekwa 95.04, kwenye sura ya michezo.

Kifungu 94.02 chenyewe kina mfano ninaoupenda kuliko yote. Viti vya vinyozi na vinavyofanana navyo vinaingia humo vikiwa na miendo mitatu kwa pamoja: kuzunguka, kulala nyuma, na kupanda. Saluni zetu zimejaa viti vinavyozunguka na kupanda kwa pedali, lakini mgongo wake umesimama palepale. Hivyo vinarudi 94.01 pamoja na viti vingine. Mwainishaji makini anayepelekewa kontena la viti vya saluni hatauliza vinaitwaje wala vinauzwa kwa nani. Ataomba kimoja kitolewe, akizungushe, akanyage pedali, kisha auvute mgongo.

Kwa samani zenye vifaa vya elektroniki, ofisini kuna swali linalopendwa: chomoa waya, nini kinabaki? Ni swali zuri, na kwa kochi la mota linajibu upesi. Umeme ukikatika Jumamosi jioni familia bado imekaa, inaongea, inakunywa chai. Mota ilikuwa inainua miguu, nayo miguu imebaki chini, basi. Kochi ni kiti, kifungu 94.01. Vivyo hivyo meza ya ofisi inayopanda na kushuka kwa mota: ikikwama kwenye kimo kimoja bado ni meza, na inabaki 94.03. Kitanda cha nyumbani kinachoinua kichwa kwa rimoti nacho kinabaki 94.03. Cha hospitali, chenye mitambo ya kumnyanyua na kumgeuza mgonjwa, kipo 94.02.

Lakini swali hilo si sheria, na hapa ndipo fundi anapojitenga na mtu aliyekariri. Chukua kaunta ya vioo ya kuuzia keki au nyama, yenye mtambo wa kupozea chini yake. Chomoa waya: inabaki kaunta nzuri tu, yenye rafu na milango, ambayo mwenye duka anaweza kuitumia kwa maandazi. Kwa swali la waya ingekuwa 94.03. Kitabu kinakataa. Kifungu kidogo 8418.50 kinataja waziwazi samani za kuhifadhi na kuonyesha bidhaa, zikiwemo makabati na kaunta, zenye mtambo wa kupoza au kugandisha. Maneno ya kifungu yameshasema, na kanuni ya kwanza haimruhusu mtu kuleta busara yake juu ya maneno hayo. Nimeona watu wenye akili nyingi wakiteleza hapa, kwa kuwa wanaamini mno hoja yao wenyewe na hawataki kurudi kusoma.

Halafu kuna kiti cha masaji, ambacho nadhani ndicho mtihani halisi wa kazi hii. Nje kinafanana na kochi la mtu mmoja: ngozi ya kahawia, mikono minene, mahali pa kuegemeza kichwa. Kikilazwa ubavu kwenye sakafu ya bandari kavu, unaona chini yake kitambaa cheusi chenye zipu. Fungua zipu. Ikiwa ndani kuna reli mbili za chuma zinazopanda kutoka kiunoni hadi shingoni, na juu ya reli kuna kigari chenye rola kinachotembea na kugonga, na kwenye miguu kuna mifuko ya hewa iliyounganishwa na pampu kwa mipira myembamba, na katikati ya yote ubao wa saketi unaopanga ratiba ya kukanda, basi mbele yako kuna mashine iliyovalishwa ngozi. Ukichomoa waya unabaki na kiti kizito, kibaya cha kukalia, chenye rola zinazochoma mgongo. Vifaa vya masaji vina kifungu chao, 90.19, na forodha ya Marekani, kwa mfano, imewahi kutoa maamuzi ya kuviweka viti vya namna hii katika 9019.10. Ikiwa ndani ya zipu kuna sponji tupu na mota mbili za mtetemo, kila moja ukubwa wa kiganja, zilizobandikwa nyuma ya mgongo ili muuzaji aweze kuandika neno masaji kwenye katoni, basi ni kiti chenye pambo, na kinarudi 94.01. Viti hivyo viwili vinaweza kuwa na picha moja kwenye katalogi. Aliyevitenganisha ni yule aliyefungua zipu.

Kati ya ncha hizo mbili kuna viti vya katikati, vyenye rola kiunoni tu, au mifuko ya hewa bila rola, na hapo ndipo kanuni ya tatu inaitwa. Kitu kikiwa kimeunganishwa kwa vipande vinavyostahili vifungu tofauti, na hakuna kifungu kinachokitaja kwa umahususi zaidi, kinaainishwa kwa kile kinachokipa sifa yake ya msingi. Ufafanuzi wa Shirika la Forodha Duniani unataja vya kupima: aina ya kipande, ukubwa wake, wingi, uzito, thamani, na nafasi yake katika matumizi ya kitu kizima. Hakuna kinachoshinda siku zote. Saketi inaweza kuwa na uzito wa gramu chache na kugharimu kuliko mbao zote. Mwainishaji anaandika kila kipimo, kisha anauliza mtu atanunua kitu hiki ili afanye nini nacho.

Kuna mtego hapa ambao ni wa kitaalamu kidogo, ila unaonyesha usomaji wa kina unaotakiwa. Sehemu ya XVI ya kitabu, yenye mashine za sura za 84 na 85, ina maelezo yanayosema mashine yenye kazi nyingi iainishwe kwa kazi yake kuu. Wengi hulichukua wazo hilo la kazi kuu na kulitembeza kwenye samani. Maelezo hayo yanahusu mashine za sehemu hiyo tu. Samani zipo sehemu ya XX. Kwa kochi lenye spika unapaswa kupita kanuni ya tatu na kuizungumzia sifa ya msingi, na ingawa jibu mara nyingi litafanana, njia iliyopita mahali pasipo haki yake itavunjwa siku jalada likifika barazani.

Fikiria sasa meza ya sebuleni ambayo siku hizi inauzwa kama meza janja: droo mbili za friji, spika za Bluetooth, bamba la kuchajia simu bila waya, taa za rangi pembeni. Kila kimoja kingekuja peke yake kingekuwa na kwao: spika 85.18, chaja 85.04, taa 94.05, friji 84.18. Ndani ya meza vinapoteza vifungu vyao na kuanza kushindana. Spika, chaja na taa hushindwa mapema, kwa sababu hakuna anayenunua meza ya kimo cha goti ili achaji simu. Friji inasumbua. Droo zimechukua nafasi kubwa, kompresa ina gharama, na kile kifungu kidogo 8418.50 kinaita kwa mbali. Mtu mmoja atasema kwamba pale pametajwa samani za kuhifadhi na kuonyesha bidhaa, na hii ni meza ya kuwekea chai. Mwingine atasema droo ni za kuhifadhi. Mimi niko upande wa meza, lakini nakubali kwamba hoja ya friji ina nguvu.

Na kitabu kimejiandaa hata kwa siku ambayo mizani haielemei upande wowote. Kanuni ya tatu, kipengele cha mwisho, inasema vifungu vikilingana kwa haki, chukua kile kinachokuja mwisho kwa mpangilio wa namba. Inaonekana ni kama kurusha sarafu, lakini ina matokeo yanayotabirika. Sura ya 94 iko karibu na mwisho wa kitabu. Ikigombana na 84, 85 au 90 hadi sare, samani inashinda. Kwa ukanda wetu, sare basi mara nyingi humpeleka mwagizaji kwenye asilimia 35, na wakala anayejua hilo mapema hamwahidi mteja wake kwamba friji ndani ya meza itamwokoa.

Wapo wanaojaribu kuitenganisha meza hiyo kwenye makaratasi: mbao kwenye mstari mmoja, droo za friji kwenye mwingine, spika kwenye wa tatu. Kanuni ya pili inawangoja. Kitu kikiletwa kikiwa kimefunguliwa vipande kwa ajili ya safari kinahesabiwa kuwa kitu kamili, na samani karibu zote husafiri hivyo, zikiwa zimelazwa kwenye katoni bapa na mfuko wa skrubu. Mkaguzi mzuri huhesabu matundu ya skrubu kwenye mbao na kulinganisha na mabano ya droo. Yakikutana, ni meza moja.

Baada ya kifungu bado kuna kazi, ingawa imepungua uchungu. Kochi la mota lililovikwa ngozi linagawanyika kwa fremu: ya mbao 9401.61, ya chuma 9401.71. Makochi ya mota mara nyingi yana vyote viwili, fremu ya mbao juu na mtambo wa chuma chini, na hapo mtu analazimika kuomba mchoro wa kiwanda badala ya picha ya dukani. Na toleo la kitabu hubadilika karibu kila miaka mitano: la 2022 lilileta namba mpya kwa viti vinavyozunguka, makochi yanayogeuka vitanda na vipuri vya samani, na jingine linaanza tarehe 1 Januari 2028. Orodha aliyoikariri mtu mwaka 2017 imeshamdanganya mahali fulani.

Ninachowaomba wafanyabiashara ni wamwite mtu huyu kabla hawajalipa kiwandani. Mkataba wa Kuwezesha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kazi tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zitoe uamuzi wa awali kwa anayeomba: unapeleka maelezo, picha, michoro na ikibidi sampuli, unapewa namba kwa maandishi mzigo ukiwa bado haujapakiwa. Mamlaka za mapato za ukanda wetu zinatoa huduma hiyo, na kwa samani zenye umeme sioni sababu ya mtu kuagiza kontena zima bila kuwa na karatasi hiyo.

Mwagizaji na forodha wakitofautiana baada ya mzigo kufika, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 229, inampa mwagizaji siku 30 kumwandikia Kamishna, na asiporidhika anakwenda baraza la rufani za kodi. Kesi ambayo ningependa kuisoma hadi mwisho ni ya kioo cha bafuni chenye taa kuzunguka fremu, kifuta mvuke na saa. Kingekuwa cha kusimama sakafuni, maelezo ya sura ya 94 yangekipeleka 70.09 na vioo vingine. Hiki cha ukutani maelezo hayo yamekinyamazia. Wa upande mmoja ataandika kwamba taa inamsaidia mtu ajione, kwa hiyo ni kioo. Wa upande wa pili atapima mwanga, atauliza kama unatosha kuangaza bafu zima bila taa ya darini, na ukitosha ataandika 94.05. Wote wawili watalazimika kukibandika ukutani, wafunge mlango na kuzima taa ya juu.